Tairi la Matope Huchaguliwa kwa Njia na Mzigo, Si kwa Ukubwa



Kila mwaka mvua zinapokaribia, wenye pikapu na magari ya mizigo katika kata zetu huanza kuulizia matairi makubwa ya matope. Wana sababu ya kufanya hivyo. Bonde la Kilombero limelala kati ya Milima ya Udzungwa na nyanda za juu za Mahenge; maji ya pande zote mbili hushuka kwetu, na kati ya Machi na Mei udongo hulainika kiasi kwamba gari lenye nguvu hukwama mahali ambapo mwezi Septemba baiskeli hupita bila taabu. Gari lilelile linalobeba mpunga mchana ndilo ambalo mwenyewe huamshwa usiku alitoe kumpeleka mgonjwa au mama mjamzito kituo cha afya. Kwa hiyo tairi analolichagua mwenye gari linawahusu pia jirani zake.

Makala hii inaeleza namna ya kuchagua tairi la matope kwa gari linaloendesha magurudumu yote manne. Hoja yake ni moja: anza na njia unayopita siku nyingi, kisha mzigo unaobeba, ndipo ufikie ukubwa. Mwenye kuanza na ukubwa huenda akanunua tairi la bei kubwa linalodhoofisha breki, linalolemea injini na ambalo bado halimvushi tope.

Tairi la matope hufanyaje kazi

Uso wa tairi la kawaida umejaa mpira. Mifereji yake ni myembamba na meno yake yamekaribiana. Likiingia topeni, mifereji hiyo huziba mara moja na tairi likabaki laini kama kitako cha chungu. Tairi la matope lina meno makubwa yaliyoachana, na nafasi pana kati yao. Meno hushika udongo, nazo nafasi hupokea tope na kulirusha nje gurudumu linapozunguka. Uwezo huu wa kujisafisha ndio unaolitofautisha. Yako pia matairi yenye meno ubavuni, nayo husaidia gari lililozama katika nyayo za magurudumu kupanda kingo zake.

Faida hiyo ina upande wake wa pili. Kwa kuwa nafasi ni nyingi, mpira unaogusa ardhi ngumu ni mchache. Kwa hiyo kwenye lami iliyolowa, tairi la matope huchukua umbali mrefu zaidi kusimama kuliko tairi la kawaida; huvuma kwa sauti, na meno yake huisha upesi. Kwenye changarawe kali, mawe hunasa kati ya meno na kuyang'oa vipande. Mtu ambaye siku nyingi za mwaka hupita lami na changarawe, akakutana na tope wiki chache tu, atafaidika zaidi na tairi la njia mchanganyiko, ambalo meno yake ni makubwa kiasi lakini hayakuachana sana. Tairi la matope hasa limfae yule ambaye njia yake ya kila siku ni shamba, mbuga na barabara ya udongo.

Usidanganywe na alama ya M+S iliyochapwa ubavuni. Alama hiyo hutiwa hata kwenye matairi mengi ya kawaida, na haithibitishi kwamba tairi ni la matope. Tazama meno yenyewe.

Jembamba au pana?

Swali hili huzusha ubishi katika kila gereji, na jibu lake limo ardhini. Kama chini ya tope kuna sakafu ngumu, tairi jembamba ni bora, kwa sababu uzito wote wa gari hukaa juu ya eneo dogo, tairi likakata tope na kufikia ile sakafu. Barabara zetu nyingi za changarawe ziko hivyo wakati wa mvua: juu utelezi wa kina cha vidole vichache, chini tabaka lililoshindiliwa. Tairi pana mahali hapo huelea juu ya utelezi, na gari likaserereka kuelekea mtaroni.

Kama chini hakuna sakafu ya karibu, hali hugeuka. Udongo mweusi wa mfinyanzi wa mbugani hunywa maji ukavimba, na jinsi unavyochimba ndivyo unavyokuta ulaini. Hapo tairi pana hutawanya uzito na kuzuia gari lisizame mpaka tumbo lake likalale chini. Ndiyo maana mtu anayeingia mashamba ya mpunga kutoa mavuno ana haja tofauti na mtu anayesafiri kati ya kijiji na makao makuu ya kata. Kwa magari mengi ya kata zetu, ambayo hutembea barabarani zaidi ya shambani, tairi la matope refu kiasi lakini jembamba ndilo linalofaa.

Kusoma ubavu wa tairi

Mnunuzi asiyejua kusoma ubavu wa tairi humtegemea muuzaji kwa kila jambo. Chukua mfano wa maandishi 235/85R16 120/116Q. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni kimo cha ubavu kwa asilimia ya upana huo. Asilimia 85 ya 235 ni kama milimita 200. Herufi R huonyesha namna nyuzi za ndani zilivyopangwa, na 16 ni kipenyo cha ringi kwa inchi. Ukijumlisha ringi na mbavu mbili, kimo cha tairi zima ni kama milimita 806, yaani karibu inchi 32.

Namba 120/116 ni kipimo cha mzigo: 120 maana yake tairi hubeba kilo 1,400 likifungwa peke yake, na 116 ni kilo 1,250 kwa kila tairi yakifungwa mawili mawili. Herufi Q ni mwendo wa juu kabisa, kilomita 160 kwa saa. Herufi LT, zikiwepo, huonyesha tairi lililoundwa kwa magari madogo ya mizigo.

Mwisho tafuta maandishi DOT. Tarakimu nne za mwisho hueleza wiki na mwaka wa kutengenezwa: 3522 ni wiki ya 35 ya mwaka 2022. Mpira huzeeka hata ukiwa dukani. Watengenezaji wengi hushauri tairi likaguliwe na fundi kila mwaka baada ya miaka mitano ya matumizi, na liondolewe likifika miaka kumi tangu litengenezwe hata kama meno bado yapo. Tairi lenye meno mazuri na mbavu zilizopasuka vistari vistari si la kubebea mgonjwa wala mpunga. Rahisi ghali.

Ukubwa una gharama zake

Tulinganishe sasa tairi lile la 235/85R16 na tairi la 315/75R16, ambalo vijana hulipenda kwa sura yake. Hili la pili lina kimo cha kama milimita 879, karibu inchi 35. Tofauti ya vimo ni milimita 73. Wengi hudhani gari litainuka kwa milimita hizo zote. Sivyo: ekseli iko katikati ya gurudumu, kwa hiyo huinuka kwa nusu tu, kama milimita 36. Huo ni upana wa vidole viwili. Hicho ndicho unachokipata chini ya difu, yaani kile kibuyu cha chuma cha katikati ya ekseli ambacho ndicho hugusa tope kwanza.

Unalipa nini kwa vidole viwili hivyo? Kwanza, breki. Gurudumu lililoongezeka kimo kwa asilimia 9 huipa ardhi mkono mrefu zaidi wa kushindana na breki. Kwa nguvu ileile ya mguu, nguvu ya kusimamisha gari hupungua kwa karibu sehemu moja ya kumi na mbili, na uzito wa tairi lenyewe huongeza taabu. Pili, injini. Kila gia huwa nzito kwa kiasi kilekile. Pikapu nyingi za Land Cruiser za mfululizo wa 70 zina injini ya dizeli ya lita 4.2 isiyo na taboo ya kuongeza hewa. Likiwa na mzigo mlimani, gari hilo litalazimika kushuka gia mapema na kula mafuta zaidi.

Tatu, kipimamwendo husema uongo. Kikionyesha kilomita 50 kwa saa, ambayo ndiyo kikomo katika maeneo ya makazi, gari kwa hakika linakwenda zaidi ya 54. Kikionyesha 80, linakwenda 87. Hata hesabu ya kubadilisha oili huharibika: gari likiandika kilomita 5,000, limekwisha kutembea karibu 5,450. Nne, nafasi. Tairi pana hugusa bodi, springi au bomba la breki usukani ukikatwa hadi mwisho. Wengine huliinua gari ili tairi lienee, na gari lililoinuliwa hupinduka kwa urahisi zaidi kwenye kona na kwenye mteremko wa ubavuni.

Haya hayamaanishi kwamba tairi kubwa halifai kamwe. Yako mashamba ambayo bila tairi pana na refu hayafikiki. Lakini ukubwa uwe jibu la haja inayojulikana. Mtu anayehitaji kukua kidogo anaweza kutazama 285/75R16, lenye kimo cha kama milimita 834. Ekseli huinuka kwa milimita 14, upana huongezeka kwa sentimita 5, na madhara ya breki na gia huwa madogo zaidi.

Mzigo kwanza, sura baadaye

Tuseme ekseli ya nyuma ya pikapu tupu hubeba kilo 1,000. Ukipakia magunia 15 ya mpunga ya kilo 80, unaongeza kilo 1,200, na karibu uzito wote hukaa nyuma. Kila tairi la nyuma sasa limebeba kilo 1,100. Tairi lenye kipimo cha 120 lina akiba ya kilo 300 kwa ajili ya mashimo na mitikisiko. Tairi la 112 hubeba kilo 1,120. Limefika ukingoni kabla gari halijaondoka. Tairi la 110, kilo 1,060, limekwisha kuzidiwa, hata kama ni pana na lina meno ya kutisha.

Tairi lililozidiwa hupata joto ndani ya mbavu na huweza kupasuka ghafla. Wanaoumia aghalabu ni waliokaa juu ya magunia. Kumbuka pia kwamba tairi imara haliongezi uwezo wa gari. Kiwango cha mzigo kilichowekwa na mtengenezaji hubaki palepale, kwa kuwa springi, ekseli na breki hazikubadilika.

Ringi, tyubu na tairi la akiba

Pikapu nyingi za mfululizo wa 70 hutoka kiwandani na tairi la 7.50R16, ambalo kimo chake ni karibu sawa na cha 235/85R16, likifungwa kwenye ringi yenye upana wa inchi 5.5. Ringi hiyo ni nyembamba mno kwa matairi mapana. Tairi la 235/85R16 huhitaji ringi ya kuanzia inchi 6, na lile la 285/75R16 huhitaji kuanzia inchi 7.5. Tairi pana kwenye ringi nyembamba huvimba katikati, huisha hapo katikati na huweza kuchomoka kwenye kona. Kwa hiyo, kabla ya kulipa bei ya matairi, jumlisha na bei ya ringi.

Ringi za vipande, zenye pete ya chuma ya kufungia, zina hatari ya pekee. Pete isiyokaa sawasawa huweza kuruka kwa nguvu ya kuua wakati wa kujaza upepo. Tairi la namna hiyo lijazwe ndani ya kizimba cha chuma, na fundi asimame pembeni, asiinamie mbele yake. Mzazi asimruhusu mtoto kusogea mahali kazi hiyo inapofanyika.

Nunua matairi matano, si manne. Tairi la akiba lenye kimo tofauti haliwezi kutumika salama gari likiwa limeunganisha magurudumu yote manne: gurudumu dogo huzunguka mara nyingi zaidi kuliko kubwa, na tofauti hiyo hukaza giaboksi na difu mpaka kitu kivunjike. Hasara hiyo hutokea usiku, mbali na gereji, wakati hasa gari linapohitajika.

Upepo: msaada usiouzwa dukani

Kabla ya kutafuta tairi pana zaidi, tumia vizuri ulilo nalo. Upepo ukipunguzwa kidogo, tairi hutandaza uso wake, hasa kwa urefu, na kushika ardhi laini vizuri zaidi. Gari tupu au lenye mzigo mwepesi laweza kupunguziwa kama robo ya kipimo chake cha kawaida kabla ya kuingia tope refu, na dereva asizidi kilomita 30 kwa saa. Akitoka topeni arudishe upepo kabla ya kushika barabara ngumu. Kwa hiyo awe na pampu na kipimo ndani ya gari. Kipimo sahihi cha kawaida kimeandikwa kwenye kibao kilichobandikwa karibu na mlango wa dereva.

Gari lenye mzigo mzito lisipunguziwe upepo. Tairi lenye tyubu nalo lina mpaka wake: upepo ukiwa mdogo mno, tairi huteleza juu ya ringi na kung'oa mdomo wa tyubu. Na magurudumu yakianza kuzunguka bila gari kusogea, ondoa mguu. Kila mzunguko unaofuata huchimba shimo la kulizika gari lako, na kesho yake ni shimo la jirani.

Mto, na barabara ya wote

Kuna makosa mawili ambayo tairi kubwa huyachochea. La kwanza ni kuvuka mto uliofurika. Tairi limejaa hewa. Jinsi lilivyo kubwa ndivyo linavyosaidia gari kuelea. Gari likianza kuelea, meno hayana pa kushika. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 60 yanaweza kuchukua magari mengi, hata makubwa. Hakuna tairi linalobatilisha jambo hilo. Maji yakipita juu ya daraja au kivuko, subiri, hata kama umebeba mgonjwa, na utafute njia nyingine au msaada upande wa pili.

La pili ni kuikata barabara iliyolowa. Barabara za wilaya zinasimamiwa na Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini, TARURA, ulioanza kazi mwaka 2017, lakini wanaozitumia kila siku ni sisi. Gari zito lenye meno makali likipita wakati udongo umelowa kabisa huacha mifereji miwili. Mvua inayofuata hutuama humo, na baada ya wiki moja hata bodaboda hapiti. Kukwepa tope kwa kupanda juu ya mtaro huziba njia ya maji na kuleta tope jipya mbele. Kusubiri saa chache mvua ikatike na uso wa barabara ukauke kidogo kwaweza kuokoa njia ya kijiji kizima. Kuzibua kalavati kabla ya masika kunasaidia magari yote, yenye matairi ya namna zote.

Kabla ya kulipa

Mwenye gari na ajiulize maswali haya, na majibu ayaandike kabla ya kwenda dukani. Kati ya siku kumi za safari, ni ngapi ninapita tope refu? Chini ya tope hilo kuna sakafu ngumu au hakuna? Mzigo wangu mkubwa kabisa ni kilo ngapi kwa tairi moja la nyuma, na kipimo cha tairi kinauzidi kwa akiba ya kutosha? Ringi yangu inakubali upana huu? Tarakimu nne za tarehe zinasema nini? Fedha yangu inatosha matairi matano? Bima yangu inaruhusu gari kubadilishwa kimo cha matairi?

Baada ya kufunga matairi, pakia mzigo wa kawaida, kata usukani hadi mwisho pande zote mbili na utazame kama kuna mahali tairi linagusa. Jaribu breki mahali patupu kabla ya kubeba watu. Kaza nati za magurudumu upya baada ya kutembea kilomita 50 hadi 100.

Mwenye kuyafanya haya huenda akarudi nyumbani na tairi dogo kuliko alilolitamani. Lakini mlango wake ukigongwa usiku wa masika, gari lake litafika na kusimama pale linapotakiwa, na barabara ataiacha ikipitika kwa atakayemfuata.